MIMBA KUTOKA MARA KWA MARA SI UCHAWI

Huku kwetu Tana, mama akipoteza mimba ya tatu maneno huanza. Huyu anasema amerogwa, yule anamshauri mume aoe mwingine. Sasa tuulizane wanakikundi: je, damu yake imepimwa?

Mwili una kinga ya kupigana na magonjwa. Kwa watu wengine kinga hiyo hupotea njia, ikaanza kuupiga mwili wenyewe, kama mbwa anayemgeukia mwenye boma. Aina moja ya ugonjwa huu hufanya damu igande ovyo. Ikiganda kwenye kondo la nyuma, mtoto hukosa chakula na hewa, na mimba inatoka. Si kila mimba inayotoka husababishwa na ugonjwa huu, lakini unapimika: damu hupimwa mara mbili, wiki 12 zikipita katikati. Wengi wakitibiwa kwa aspirini kidogo na sindano za heparini hujifungua salama. Usijinunulie dukani! Daktari ndiye anayejua kipimo.

Siku hizi wako pia wanaopandikizwa mimba: yai na mbegu huunganishwa maabara, kisha hutiwa katika mfuko wa uzazi. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Kanisa halikubali njia hii, lakini mama akishapata mimba tusimhukumu, wala yeye asifiche. Mimba hizo zina hatari zaidi ya presha na ya mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Akiwa na ugonjwa wa kinga pia, hatari huzidi. Nesi asipoambiwa, atajuaje?

Kimbilieni hospitali, hata usiku, mama akiwa na:
1. Kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu.
2. Uso na mikono kuvimba ghafla.
3. Maumivu chini ya mbavu.
4. Kutokwa damu, au mtoto kuacha kucheza.

Kikundi kifanye nini?
- Mjamzito aanze kliniki kabla ya miezi mitatu kuisha, aeleze mimba zote zilizotoka.
- Tengeni pesa za usafiri. Tana ikifurika, barabara za Garsen hukatika. Mama mwenye hatari asogee mapema karibu na hospitali, iwe Ngao, Hola au Malindi.

Katika mkutano ujao hesabuni: nani ni mjamzito, ana miezi mingapi, na gari au mashua ya nani itamchukua?