Kijana wa Songambele Anayependa Gari Moshi

Tumepata barua kutoka Songambele, kule Kyerwa. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, na upande wa nyuma imechorwa treni: injini moja, mabehewa sita, na moshi mwingi. Mwenye barua ni kijana aliyemaliza shule, sasa anamsaidia baba yake katika kahawa na migomba. Anasema ameona treni mara moja tu maishani mwake, siku alipomsindikiza shangazi yake hospitali huko Mwanza. Walipita karibu na stesheni, mara treni ikaingia ikipiga honi, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yake. Tangu siku ile hana raha. Huchora treni, huota treni, hukata picha za treni katika magazeti na kuzibandika ukutani. Wenzake wamempa jina la Stesheni Masta. Na baba yake amemwambia wazi: "Hapa petu hapana reli. Kazi gani hiyo ya kupenda kitu usichokuwa nacho?"

Mwishoni anatuuliza: "Je, wako watu wengine kama mimi? Nitawapata wapi?"

Tulicheka kidogo, tusikufiche, kwa ajili ya jina la mahali anapokaa. Songambele! Jina hilo lingefaa kabisa kuandikwa ubavuni mwa injini. Lakini swali lake halichekeshi. Mtu anayependa jambo peke yake, akizungukwa na watu wasiolielewa, huanza kujiona ana kasoro. Basi tumjibu vizuri, na wewe msomaji mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani usikilize pia.

Jibu la kwanza ni fupi: wako, tena ni wengi, na wengine wamefanya makubwa. Huko Wales, nchi iliyo sehemu ya Uingereza, ilikuwako reli ndogo iitwayo Talyllyn, iliyofunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Mwaka 1950 mwenye reli hiyo akafa, na kila mtu akadhani reli nayo imekufa. Ndipo watu wachache walioipenda, ambao wengi wao hawakuwa hata wenyeji wa pale, wakakutana katika mji wa Birmingham mwezi Oktoba mwaka ule ule wakasema: tutaiendesha sisi wenyewe, bila mshahara. Mwaka 1951 wakaanza. Walifyeka majani yaliyofunika njia, wakabadili mataruma yaliyooza, wakakata tiketi. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na mpaka leo treni zinapita. Mmojawapo wa waliokwenda kufanya kazi pale siku za likizo alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, W. Awdry, yule aliyewatungia watoto hadithi za injini yenye uso iitwayo Thomas. Mchungaji mzima, msomaji wangu, na alipenda gari moshi! Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni mchezo wa watoto tu.

Lakini Wales ni mbali. Tuje kwetu.

Nairobi iko nyumba ya makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu. Ilifunguliwa mwaka 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokuwa bado mali ya nchi zote tatu. Ukipita uani utaona injini za zamani zimepangwa kama ng'ombe zizini. Lipo pia behewa ambalo bwana mmoja wa polisi, Ryall, alilalamo mwaka 1900 pale Kima akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua, na simba akaingia akamchukua yeye. Wageni wengi hukimbilia behewa hilo. Mpenzi wa reli wa kweli, hata hivyo, huenda moja kwa moja kwa zile injini kubwa.

Hapo inafaa tukae kidogo. Miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock huko Manchester kilileta injini 34 za namna iitwayo Garratt, daraja la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hapakuwa na injini ya moshi yenye nguvu kuzishinda katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja. Shida ya fundi ilikuwa hii: injini ndefu hivyo itapindaje kona za milimani? Mgonjwa anapobebwa kwa machela, yeye hulala katikati amenyooka. Wachukuzi wawili, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja hupinda kona kwa wakati wake, wala mgonjwa hakunjwi. Garratt ndivyo ilivyo. Pipa kubwa la kuchemshia maji limelala katikati, na mbele na nyuma yake zipo seti mbili za magurudumu na mashine zake, kila seti ikijigeuza peke yake. Mbele husimama tangi la maji, nyuma tangi jingine pamoja na mafuta ya kuwashia. Kwa jinsi hiyo walipandisha mizigo mizito kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka usawa wa bahari mpaka mahali penye baridi.

Tena injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zilizobaki Nairobi zinaitwa Mount Gelai, nambari 5918, na Mount Shengena, nambari 5930. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Yaani milima yetu ya Tanzania imesimama Nairobi kwa chuma! Na ile ndogo kidogo, nambari 3020, inaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Kijana wetu akiziona hizo, atajua kwamba reli hiyo ilikuwa ya jamaa yote ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, mali ikagawanywa, na kila nchi ikashika reli yake.

Sasa turudi kwa baba yake, maana amesema neno lenye uzito. Ni kweli Karagwe na Kyerwa hapana reli. Lakini reli imekuwa ikila na kulisha huko miaka mingi, hata kama haionekani. Mzee, kahawa ya babu yako ilikwenda wapi ilipotoka Bukoba? Iliingia melini. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu, mwaka 1901, na mazao ya ng'ambo zote za ziwa yakawa na njia ya kufika baharini. Upande wetu, reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Bati la nyumba ya kwanza ya bati kijijini, jembe, cherehani, vitabu vya shule, vingi vya namna hiyo vilipanda treni kabla ya kupanda meli. Hata kuna meli, MV Umoja, iliyojengwa ikiwa na reli sakafuni mwake, ili mabehewa yenyewe yaingie na kuvushwa ziwa, kutoka Mwanza mpaka Port Bell kule Uganda. Behewa linalopanda meli! Siku hizi malori yamechukua sehemu kubwa ya kazi, lakini mwana akipenda reli hapendi kitu cha wageni. Anapenda njia iliyopitisha kahawa ya ukoo wake.

Na huenda hajui kwamba mwenzake wa kwanza anakaa karibu kuliko Nairobi. Reli iliajiri watu wa kila kabila: madereva, wachochea moto, wafunga mabehewa, makarani, wapiga simu, wale waliotembea njiani na nyundo wakikagua reli kila asubuhi. Walipostaafu walirudi makwao. Uliza baada ya Misa, uliza mnadani, uliza wazee wanapocheza bao: "Nani hapa alifanya kazi reli, au melini, au gatini?" Usishangae ukitajiwa mzee ambaye umempita njiani kila siku ukimwamkia tu, bila kujua kwamba aliwahi kushika taa ya ishara usiku wa manane.

Hapo nina jambo langu la kuungama. Zamani nilifahamiana na mzee mmoja aliyestaafu reli, katika mji mmoja wa reli ya kati. Aliniambia ana daftari. Alikuwa ameandika ndani yake kila safari aliyofanya kwa miaka mingi: tarehe, nambari ya injini, jina la dereva mwenzake, mahali walipochelewa na sababu yake, tembo njiani, mafuriko, hata akina mama waliojifungulia garini. Aliniambia, "Mwanangu, njoo siku moja tulisome." Nikasema nitakuja. Nikawa na shughuli. Mwaka ukapita, na mwingine. Nilipokwenda nilikuta kaburi lina majani tayari. Nikamwuliza mjane habari za daftari. Akafikiri, akasema kwa upole, "Lile la karatasi ngumu? Tulifungia karanga." Hakuna mtu wa kumlaumu pale ila mimi. Yeye hakuambiwa kwamba ni kitu.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Songambele, usingoje nauli ya Nairobi. Chukua daftari lako lile la kuchorea, umwendee mzee huyo ukimpata. Usianze kwa maswali kama karani wa mahakama. Mwonyeshe picha uliyochora. Atakuambia umekosea wapi, na akishaanza kukusahihisha hatanyamaza mpaka jioni. Mwulize alivyoanza kazi, injini aliyoipenda, siku aliyoogopa sana. Andika na maneno ya kazi yao, maana watu wa reli wana lugha yao, na lugha hiyo inakwisha pamoja nao. Akiwa na tiketi, filimbi au kofia ya zamani, usimwombe akupe. Iandike tu, na uwaambie watoto wake kwamba ni kitu cha kutunzwa.

Baadaye, ukipata nauli, nenda Mwanza. Panda gari mpaka Omurushaka, ushuke kwa Kyaka hadi Bukoba, kisha meli. Ukifika stesheni, nenda kwa stesheni masta kwanza, umsalimu, umweleze haja yako. Usipige picha bila ruhusa, maana reli ni mali ya nchi na askari hajui kama wewe ni mpenzi au mwizi. Usitembee juu ya reli kwa kutaka kuonja. Na mtu akikuuzia kipande cha reli au msumari wake kwa siri, kimbia. Kipande kilichong'olewa njiani kinaweza kuangusha treni nzima ya watu. Ukitaka kusafiri, uliza siku za treni kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa mvua kubwa hukata njia, hasa kati ya Kilosa na Gulwe.

Utakuta wenzako hapo hapo ukumbini. Ni rahisi kuwatambua. Abiria wengine hutazama mizigo yao; wao hutazama magurudumu. Mwaka 2024 treni za umeme zilipoanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni, na Dodoma mwezi wa Julai, wako watu waliopanda wakarudi bila shughuli yoyote huko, kwa kutaka kuionja tu ile mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Wamekuwako na wageni waliotoka mbali kupanda treni ya anasa ya Rovos Rail, iliyotoka Cape Town na kupita reli ya TAZARA mpaka Dar es Salaam. Mwenye simu anaweza kubadilishana picha na watu kama hao wa nchi nyingi; ila mtu usiyemjua akikutaka fedha za "uanachama", mwache aende zake.

Na baba yake kijana, tunakuomba neno moja. Ujenzi wa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa mwaka 2021. Reli inataka mafundi wa umeme, wa ishara, wa madaraja, na makarani. Hatusemi mwanao atapata kazi huko, hilo hatulijui. Twasema tu kwamba kijana anayehesabu magurudumu ya kila injini ili aichore sawasawa, anaweza kuhesabu pia mifuko ya kahawa yako. Mwachie Jumapili alasiri na daftari lake.

Ile picha yako, kijana, tumeitazama vizuri. Injini umeichora ya dizeli, kama uliyoiona Mwanza, lakini moshi ni wa ile ya makaa. Mwulize mzee. Kisha utuandikie alivyosema, na jina la injini yake kama ilikuwa nalo.