Pumu: Tusingoje Kifua Kibane

Katika neema ambazo mwanadamu hazihesabu mpaka zimpungukie, pumzi ni ya mbele. Mtu huivuta na kuitoa usiku na mchana wala haikumbuki. Lakini mwenye maradhi ya pumu aijua thamani yake, na mama aliyekesha naye akimkalisha kitako kitandani aijua zaidi. Mwezi huu twapenda kuzungumza na jamaa zetu wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga juu ya maradhi haya, kwani wengi hawadhuriki kwa pumu peke yake, bali kwa kuingoja mpaka ipande.

Pumu si kijicho, wala haiambukizi kwa kula sahani moja. Ni njia za hewa za mapafuni zilizovimba na kuwa nyepesi kuudhika. Zikikutana na moshi, vumbi au mafua, misuli yake hujikaza, makohozi huzidi, na kifua hulia kama filimbi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Na vifo vilivyo vingi hutokea katika nchi za kipato kidogo, ambako maradhi hayatambuliwi mapema na dawa hazipatikani kwa wepesi.

Wala elimu hii si ngeni katika miji ya Kiislamu. Tabibu Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki katika karne ya 10, aliandika risala kueleza kwa nini mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi hushikwa na mafua kila yachanuapo mawaridi. Na mwishoni mwa karne ya 12, Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyekuwa Misri, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu. Basi kumwendea tabibu si uzushi, bali ni mwendo wa wazee wetu. Na Mtume s.a.w. mwenyewe ametuamuru tujitibu.

Sasa tutazame majumbani mwetu. Jiko la mkaa au la kuni lipikiwalo ndani, sigara, mende, godoro la sufi lisiloanikwa juani, na vumbi la mazulia, vyote huamsha pumu. Udi na ubani ni pambo la nyumba zetu, lakini moshi ni moshi. Nyumba yenye mgonjwa na ifukizwe naye akiwa nje, na madirisha yawe wazi. Tena mkoa wetu ni wa mkonge tangu Dakta Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Vumbi la singa katika vyumba vya brashi hukiudhi kifua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania uliwaonyesha watu wa brashi wakisumbuliwa na kikohozi. Afanyaye kazi hiyo na amweleze daktari kazi yake, wala asifiche.

Jambo kubwa la kufahamu ni kwamba dawa za pumu ni namna mbili. Ya kwanza hufungua kifua upesi, na hii ndiyo inayopendwa kwa kuwa nafuu yake huonekana papo hapo. Ya pili hutuliza uvimbe pole pole, na hutumiwa kila siku hata kama mtu hajisikii vibaya. Aitegemeaye ya kwanza tu ni kama akaushaye maji sakafuni na paa lavuja. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa haushauri tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa dawa ya kufungua peke yake. Kwa hiyo yampasa mgonjwa amwone daktari kwa miadi, katika kituo cha afya au Hospitali ya Bombo, hata akiwa mzima: apimwe, dawa ipunguzwe au iongezwe, na atazamwe namna avutavyo inhela yake, maana wengi huivuta vibaya. Mtoto asiyeweza kuivuta asaidiwe kwa chupa ya plastiki. Madaktari wa Afrika Kusini walithibitisha mwaka 1999 kuwa chupa ya nusu lita iliyotengenezwa vizuri yafaa kama chombo cha dukani.

Lakini mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, au mwenye midomo iliyobadilika rangi, huyo si wa kungojea miadi wala asubuhi. Akae kitako, avute dawa yake, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Wako waachao dawa Ramadhani kwa kuichunga saumu. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama inhela yafunguza au haifunguzi. Basi kila mtu amwulize sheikh wake, na daktari pia, kabla mwezi haujaandama. Lisilo na khitilafu ni kuwa Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Kuitia nafsi khatarini si uchaji.

Mwisho, twawaomba maimamu na walimu wa vyuo walitaje jambo hili mbele ya watu. Siku ya Pumu Duniani, iliyoanza mwaka 1998, huadhimishwa Jumanne ya kwanza ya Mei. Lakini mtoto akohoaye kila usiku hangoji Mei. Na tusimcheke kijana avutaye dawa yake barazani, kwani aibu imewafanya wengi kuiacha nyumbani.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, nasi atupe hima ya kuwatunza. Amin.