Kabla hujauza ng'ombe kwa dawa ya saratani yenye ‘hataza’

Bariadi. Msimu wa pamba ukimalizika na wakulima wakilipwa, familia nyingi hugeukia magonjwa yaliyokuwa yakisubiri fedha. Uvimbe kwenye titi la mama. Taya la mtoto lililojaa ghafla. Damu inayomtoka bibi aliyekwisha koma hedhi.

Wauzaji wa dawa za mitandaoni wanalijua hilo. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook hupita matangazo ya vidonge, unga na matone yanayodaiwa kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Mengine hupambwa kwa maneno mazito kama “ina hataza ya Marekani”. Mzazi akisoma hivyo, anaelewa kwamba serikali ya huko imeipima dawa na kuikubali.

Hataza haisemi hivyo. Familia inayouza ng'ombe wawili kwa sababu ya neno hilo inaweza kupoteza ng'ombe na, kibaya zaidi, kupoteza miezi ambayo mgonjwa alipaswa kuwa Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mitihani miwili tofauti

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20 tangu siku alipopeleka maombi, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza alichovumbua bila ruhusa yake. Naye hulazimika kueleza hadharani namna ya kukitengeneza, ili muda ukiisha wengine nao waweze.

Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Mvumbuzi anaweza pia kupeleka ombi moja kwenye Shirika la Kikanda la Miliki Ubunifu la Afrika (ARIPO), lenye makao Harare, Zimbabwe, akaitaja Tanzania kati ya nchi anazotaka haki hiyo. ARIPO ikikusudia kutoa hataza huiarifu nchi husika, nayo ina miezi 6 ya kusema kwamba kwake haitatambulika.

Mchunguzi wa hataza huuliza maswali matatu. Je, jambo hili ni jipya? Je, ni hatua ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi? Je, linaweza kutengenezwa au kutumika? Hapimi mgonjwa hata mmoja. Si kazi yake kujua kama dawa itaponya au itaharibu figo.

Kupima usalama, ubora na ufanisi ni mtihani mwingine kabisa. Hapa nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kitu kinaweza kuwa na hataza kisisajiliwe TMDA hata siku moja, na dawa iliyosajiliwa TMDA inaweza kuwa ile ambayo hataza yake ilikwisha kitambo. Kwa mzazi, karatasi ya kuulizia ni ya TMDA.

Kingamwili haimezwi

Tiba halisi ya saratani inayotumia kinga ya mwili ipo, na inaokoa watu. Miili yetu hutengeneza protini ziitwazo kingamwili, na kila moja hushika kitu chake, kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza maabara kingamwili nyingi za aina moja. Njia hiyo haikuwekewa hataza. Maabara duniani kote ziliitumia, na wawili hao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Hataza zilikuja kwenye dawa zilizotokana nayo. Rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hushika seli za kinga za aina ya B, zikiwamo zilizogeuka saratani. Trastuzumab ilifuata mwaka 1998. Hiyo hushika protini iitwayo HER2, ambayo huzidi kwenye uvimbe wa wagonjwa takriban 15 hadi 20 kati ya kila 100 wenye saratani ya matiti.

Pembrolizumab ya mwaka 2014 hufanya kazi kwa njia nyingine: huachia breki ambazo saratani hutumia kuizuia kinga ya mwili isishambulie. Ugunduzi wa breki za aina hiyo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Zote huingia mwilini kwa dripu au sindano, na hutunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8. Kingamwili ni protini. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga maharage. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge au unga na kukwambia ni “kingamwili ya saratani” anakudanganya, awe na hataza au asiwe nayo.

Karatasi ya India na bei ya Bariadi

Hataza haiponyi wala haiui, lakini inagusa bei. Hataza ikiwa hai, mwenye dawa anauza peke yake. Ikiisha au ikikataliwa, wengine huingia sokoni na bei hushuka. Ndiyo maana kazi ya mchunguzi aliye mbali, ofisini kwake, humfikia mgonjwa wa Simiyu.

Mwaka 2016, ofisi ya hataza ya Marekani ilianzisha mpango wa kushughulikia haraka maombi ya tiba za saratani zinazotumia kinga ya mwili, kwa lengo la kuyamaliza ndani ya miezi 12. Haraka hiyo haiongezi wala kupunguza ile miaka 20, kwa sababu saa huanza kuhesabu siku ya kupeleka maombi.

Kinachorefusha muda ni maombi mapya juu ya dawa ileile: leo kipimo kipya, kesho sindano ya chini ya ngozi badala ya dripu, keshokutwa kuichanganya na dawa nyingine. Hapo ndipo ukali wa mchunguzi unapohitajika. Asipouliza vizuri kama kuna jipya, dawa moja inaweza kuzungushiwa hataza hadi wajukuu.

Mahakama nazo zimeweka mipaka. Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kampuni ya Amgen haikuweza kumiliki kundi zima la kingamwili zinazofanya kazi fulani wakati ilikuwa imeeleza 26 tu. Kesi hiyo ilihusu dawa ya kupunguza lehemu, lakini kanuni yake inazigusa pia kingamwili za saratani. Kwa lugha ya shambani, aliyetengeneza jembe moja hawezi kudai majembe yote yanayolima.

India ndiyo mfano ulio karibu zaidi nasi. Agosti 2013, kampuni ya Roche iliamua kutoendelea kuitetea hataza ya trastuzumab nchini humo. Novemba mwaka huohuo, toleo linalofanana nayo, lililotengenezwa na Biocon na Mylan, liliidhinishwa huko.

Desemba 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwa mara ya kwanza ubora wa trastuzumab inayofanana na ile ya asili, safari hii ikiwa imetengenezwa na Samsung Bioepis ya Korea Kusini. WHO ilisema dawa ya asili iligharimu wastani wa dola 20,000 za Marekani kwa mwaka, na zinazofanana nayo kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65.

Kwa hiyo daktari akikwambia kuna trastuzumab au rituximab ya kampuni nyingine, usidhani unapewa feki. Hataza kuu za dawa hizo mbili zilikwisha. Cha kuuliza ni kama toleo hilo limesajiliwa TMDA. Pembrolizumab bado iko ndani ya hataza, na nchini Marekani hataza zake kuu zinatarajiwa kuanza kuisha mwaka 2028.

Dirisha la 2033

Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zina msamaha chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Hazilazimiki kutoa wala kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Lakini msamaha haujitekelezi wenyewe. Nchi inapaswa kuuandika kwenye sheria yake, kama Uganda ilivyofanya katika sheria yake ya mwaka 2014.

Hata ukiandikwa, dawa za kingamwili huagizwa kutoka nje, na bei hutegemea pia mazungumzo. Kenya ilikubaliana na Roche mwaka 2025 kushusha bei ya dozi ya trastuzumab kutoka Sh120,000 za Kenya hadi Sh40,000, na fedha hizo kulipwa na mamlaka ya bima ya afya ya nchi hiyo. Wakati Tanzania inatekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, mzazi ana haki ya kuuliza ni dawa zipi za saratani zimo kwenye kitita chake.

Taya la mtoto lisisubiri

Kanda ya Ziwa, yenye malaria nyingi, ina saratani ya watoto ambayo kila mzazi aijue. Inaitwa Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda. Huanza na uvimbe wa taya au tumbo unaokua ndani ya siku chache, na meno hulegea. Wengine huenda kung'oa jino, wengine huchanja chale, na siku zinakwenda.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto 328 wa nchi kadhaa, wengi wao wakiwa na Burkitt, ulionyesha kwamba kuongeza rituximab kwenye tibakemikali kulisaidia. Baada ya miaka 3, asilimia 93.9 ya waliopewa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kuendelea, ikilinganishwa na asilimia 82.3 ya waliopata tibakemikali pekee.

Soma namba hizo mara mbili. Zinaonyesha faida ya kingamwili, lakini pia zinaonyesha kwamba tibakemikali, inayotumia dawa za miaka mingi zisizo na hataza, huponya watoto wengi wakiwahi. Watoto wa utafiti huo walikuwa katika hospitali zenye uangalizi mkubwa, na rituximab hupunguza kinga kwa muda, hivyo uamuzi wa kuitumia ni wa daktari bingwa. Kazi ya mzazi ni kumfikisha mtoto mapema, si kusubiri dawa mpya.

Uliza haya hospitalini

Kutoka kituo cha afya, njia ya kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu hapa Bariadi, kisha Bugando. Ukifika, uliza:

Je, kinyama kimechukuliwa na majibu yako wapi? Bila kipimo hicho hakuna anayeweza kujua kama kingamwili inafaa.

Kwa saratani ya matiti, je, HER2 imepimwa? Trastuzumab haimsaidii asiye nayo kwa wingi. Kuinunua bila kipimo ni kutupa fedha.

Je, dawa niliyoandikiwa imesajiliwa TMDA? Orodha ipo kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, unaweza kuitazama kwa simu.

Je, ipo inayofanana nayo ya bei nafuu, na bima yangu inalipa kiasi gani?

Kwa mtoto, je, kuna msaada wa matibabu? Tumaini la Maisha, shirika lililoanzia wodi ya watoto ya Muhimbili, hufanya kazi na hospitali kadhaa nchini, Bugando ikiwamo.

Kama nyumbani kuna binti wa miaka 9 hadi 14, muulize pia kama amechanjwa HPV. Chanjo hiyo huufundisha mwili utengeneze kingamwili zake dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, na hutolewa bure.