Je, Swichi ya Mtandao Yaweza Kuboresha Sauti ya Muziki Nyumbani?

Sehemu kubwa ya muziki unaosikilizwa majumbani siku hizi haitoki tena kwenye santuri wala kanda. Huja kwa njia ya intaneti kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali, hupita katika ruta, pengine hupita pia katika swichi ya mtandao, ndipo hufika kwenye chombo cha kuchezea muziki. Swichi hiyo, ambayo msomaji asiifananishe na swichi ya taa, ni kisanduku chenye matundu kadhaa ya nyaya. Kazi yake ni kupokea tarakimu kwenye tundu moja na kuzitoa kwenye tundu linalostahili. Swichi ya kawaida hupatikana kwa dola 20 au 30 za Marekani. Lakini imezuka biashara ya swichi na vichujio vinavyodaiwa kutengenezwa mahsusi kwa wapenzi wa muziki, navyo huuzwa kwa mamia ya dola, vingine kwa maelfu. Wauzaji hueleza kwamba vikiungwa, besi huwa imara zaidi, sauti ya mwimbaji hujitenga na ala, na kimya kilichoko kati ya noti huwa kimya zaidi.

Mtu mwenye mshahara wa kawaida anayependa sauti nzuri ana haki ya kujua, kabla hajatoa fedha zake, kama madai hayo yana msingi katika fizikia. Ili kumjibu, hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. La kwanza ni kama swichi yaweza kubadili tarakimu za muziki au mwendo wake. La pili ni kama waya wa mtandao waweza kuingiza kelele za umeme katika amplifaya. Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jibu la swali la pili ni kwamba yawezekana mara chache, na dawa yake haihitaji fedha nyingi.

Safari ya tarakimu

Katika kipimo kilichowekwa kwa ajili ya sidii, ambazo zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa kuwa njia za sauti ni mbili, ya kushoto na ya kulia, jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Katika mtandao wa nyumbani biti hizo husafiri kwa utaratibu wa etheneti, ulioanzishwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California. Hufungwa katika vifurushi (hivi sivyo vile vinavyouzwa na makampuni ya simu), na kila kifurushi hubeba baiti zisizozidi 1,500.

Kabla kifurushi hakijaondoka, biti zake hupigwa hesabu maalumu, na jawabu la hesabu hiyo, lenye biti 32, hubandikwa mwishoni. Chombo kinachopokea hupiga hesabu ileile upya na kulinganisha, kama karani anavyojumlisha tena hati ya malipo kabla ya kuitia sahihi. Majawabu yasipolingana, kifurushi hutupwa. Uwezekano wa kifurushi kilichovurugika ovyo kupita bila kugunduliwa ni kama mmoja katika bilioni nne. Juu ya hayo kuna utaratibu mwingine, uliotokana na kazi ya Vinton Cerf na Robert Kahn iliyochapishwa mwaka 1974, ambao unadai stakabadhi: mpelekaji asipopata habari kwamba kifurushi kimepokewa, hukipeleka tena. Huduma za muziki wa intaneti kwa kawaida hutumia utaratibu huu.

Je, muda unatosha kwa kurudia huko? Unatosha sana. Muziki wa kiwango cha sidii huhitaji vifurushi kama 120 kwa sekunde. Katika waya wenye uwezo wa biti milioni 100 kwa sekunde, kifurushi kimoja hupita kwa muda wa sehemu 123 za milioni ya sekunde. Kwa hiyo waya huo hukaa bila kazi ya muziki kwa zaidi ya asilimia 98 ya wakati wote.

Wauzaji wengine hukubali kwamba tarakimu hazibadiliki, ila husema kwamba swichi ya kawaida huzipeleka kwa mwendo wenye mtikisiko, na kwamba saa bora iliyomo ndani ya swichi yao hurekebisha kasoro hiyo. Hapa yafaa kufikiri juu ya tangi la maji lililo juu ya nyumba. Maji ya bomba kuu huja kwa vishindo. Leo yapo, kesho hayapo, pengine huja saa nane za usiku. Mtu anayefungua bomba jikoni haoni vishindo hivyo, kwa sababu maji yake yanatoka tangini. Chombo cha muziki nacho kina kumbukumbu ya akiba inayoweka sekunde kadhaa za muziki, na tarakimu hutolewa humo kwa kufuata fuwele ya kwatsi iliyomo katika chombo chenyewe, karibu na kile kigeuzi kinachofanya tarakimu kuwa umeme wa sauti. Aghalabu fuwele hiyo hutetema mara 22,579,200 kwa sekunde, yaani mara 512 ya 44,100. Fuwele ya swichi kwa kawaida hutetema mara 25,000,000, namba ambayo haigawanyiki kwa 44,100. Saa hizo mbili hazina uhusiano wowote. Kununua saa bora kwa ajili ya swichi ni sawa na kubadili pampu ya mtaani kwa kutumaini kwamba bomba la jikoni litatiririka kwa utulivu zaidi.

Hata hivyo dhana hiyo ya mtikisiko haikutokea hewani. Katika nyaya za zamani zaidi za kuunganisha mashine ya sidii na kigeuzi, mwendo wa saa ulichukuliwa kutoka kwenye waya uleule uliobeba tarakimu, na mtikisiko ulikuwa tatizo la kweli la wahandisi. Vilevile katika studio za utangazaji, ambako vyombo vingi husomana kwa wakati mmoja kupitia mtandao, saa husambazwa kwa utaratibu maalumu uliowekwa mwaka 2002, na huko ubora wa swichi una maana. Sebuleni kwa mtu anayesikiliza nyimbo kutoka intaneti hali hiyo haipo.

Kuna jaribio ambalo kila msomaji mwenye chombo cha aina hii aweza kulifanya bila gharama. Acheze wimbo anaoufahamu, kisha auchomoe waya wa mtandao kwenye chombo chake. Muziki utaendelea kwa sekunde kadhaa, pengine hata kwa wimbo mzima, kufuatana na ukubwa wa akiba. Katika muda huo hakuna swichi, hakuna kichujio, hakuna kelele yoyote iwezayo kupita katika waya ule, maana waya haupo. Hicho ndicho kichujio kamili kuliko vyote vinavyoweza kutengenezwa. Kama swichi ilikuwa inachafua sauti, basi sauti ingepaswa kutakata mara tu waya unapochomolewa.

Nalo ni jambo la kuzingatia kwamba hitilafu ya kweli ya mtandao hujitambulisha kwa namna yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipoharibika, watumiaji wa intaneti katika Afrika Mashariki walipata mtandao wa polepole sana au hawakuupata kabisa. Akiba ikimalizika, muziki hukatika. Lakini kuna njia moja ambayo mtandao dhaifu hushusha ubora wa sauti kimyakimya: huduma nyingi, zinapoona mwendo umepungua, hupeleka nakala ya wimbo iliyobanwa zaidi, yenye biti chache kwa sekunde. Mwenye kuona kwamba muziki wake umefifia nyakati za jioni, wakati watumiaji ni wengi, atazame kwanza mpangilio huo katika programu yake na kuuweka kwenye kiwango cha juu kisichobadilika. Hayo hayahitaji hata senti.

Kelele za umeme

Tukija kwenye swali la pili, ni kweli kwamba waya wa shaba unaobeba tarakimu waweza pia kubeba umeme usiotakiwa. Adapta ndogo za ruta na swichi hufanya kazi kwa kukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na sehemu ndogo ya umeme huo huvuja kupitia kapasita zake hadi kwenye nyaya zinazotoka. Ikiwa unapata njia ya kuingia katika saketi nyepesi, kama ile ya kukuza sauti ya sindano ya santuri, waweza kusikika.

Lakini waliobuni etheneti waliliona jambo hilo mapema. Nyaya zake zimesokotwa jozi kwa jozi, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881, ili kelele iwaingie ndugu wawili kwa kiasi kilekile na kufutana. Tena katika kila tundu imo transfoma ndogo inayotenga umeme wa upande huu na wa upande ule, na kanuni zinadai iweze kuhimili volti 1,500 kwa dakika moja. Vichujio vingi vinavyouzwa kwa wapenzi wa muziki vina transfoma za namna hiyohiyo. Vichujio vya kutenga vyenye uwezo mkubwa zaidi vipo, na vina kazi ya heshima: hutumiwa hospitalini, ili umeme usimfikie mgonjwa kupitia waya wa kompyuta.

Ajabu ni kwamba waya wa bei kubwa, wenye ganda la metali, waweza kuleta balaa ambalo waya wa kawaida hauna. Ganda hilo huunganisha bodi ya chombo kimoja na ya kingine, na kuipita transfoma pembeni. Vyombo viwili vyenye waya wa ethi vikiunganishwa hivyo, huweza kutokea mzunguko wa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na spika zikavuma. Dawa ni kurudi kwenye waya wa kawaida usio na ganda. Yeyote asithubutu kukata waya wa ethi ili kuondoa mvumo huo. Waya ule ndio unaomlinda na kifo metali ya chombo inapoguswa na umeme mkuu.

Mwenye kusikia kelele kweli aanze kwa kusogeza ruta na adapta mbali na amplifaya, na kuzichomeka kwenye soketi nyingine. Isipokoma, atumie kipande cha uzi wa kioo pamoja na vigeuzi viwili vya kawaida. Kioo hakipitishi umeme, na vifaa hivyo kwa pamoja huwa na bei ndogo sana kuliko ya swichi ya muziki. Kama anatumia waifai na muziki hukatika chakula kinapopashwa katika maikrowevu, sababu ni kwamba vyote viwili hutumia mawimbi ya mizunguko bilioni 2.4 hivi kwa sekunde, na waya utamponya.

Wako wasikilizaji waaminifu wanaosema kwamba wamesikia tofauti. Hatuna sababu ya kuwaita waongo: macho yakiona kisanduku kizuri na mfuko ukikumbuka bei yake, ubongo husikiliza kwa namna nyingine. Ndiyo maana wapimaji wa sauti hutumia jaribio la siri. Msaidizi abadilishe swichi mara kumi, au aziache, kwa kurusha shilingi, na msikilizaji asiyeona ataje kila mara ni ipi inayotumika. Kwa kubahatisha tu, mtu hupata tisa au zaidi kwa uwezekano wa 11 katika 1,024. Msomaji atakayepata tisa, na akapata tisa tena siku ya pili, na atuandikie namna alivyounga vyombo vyake, ili jaribio hilo lirudiwe katika maabara pamoja na vipimo vya umeme.