Nafasi za chuo kikuu: wazazi wafahamu nini kuhusu mpaka wa idadi?

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, swali la kwanza katika nyumba zetu ni daraja alilopata kijana. Swali la pili huulizwa kwa kuchelewa, ilhali ndilo linaloamua mambo mengi: programu anayoitaka ina nafasi ngapi?

Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo inayoidhinisha programu za masomo. Mwongozo wake wa udahili huonyesha idadi ya wanafunzi ambao kila programu inaweza kuwapokea. Chuo hakiwezi kujaza madarasa kwa kadiri ya ada kinayotamani kukusanya. Mwaka 2017, baada ya ukaguzi wa ubora, Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka huo wa masomo. Hatua ile iliwaumiza wengi, lakini ina hoja ndani yake: kumpokea kijana pasipo na mhadhiri wala maabara ni kumlipisha ada kwa elimu ambayo hataipata.

Basi mpaka wenyewe si dhuluma. Swali la uadilifu ni hili: mpaka huo unamwangukia nani?

Historia yetu ina funzo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha wapate pendekezo la mwajiri na la chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Hata hivyo, idadi ya wasichana ilishuka, kwani wengi wakiwa nje ya masomo waliolewa na kuanza kulea. Miaka michache baadaye serikali ikawaondolea sharti hilo. Kanuni iliyo sawa katika maandishi yaweza kuwa nzito zaidi kwa mmoja kuliko kwa mwenziwe.

Hali ya leo ina uzito wa namna hiyo. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja. Tangu mwaka 2017, mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo, na kila ombi lina ada yake. Familia yenye intaneti nyumbani na fedha mkononi huomba vyuo vitano; mkulima wa Tandahimba, ambaye korosho zake bado hazijauzwa, humwombea mwanawe chuo kimoja. Wote wawili wana alama zilezile, lakini hawana bahati sawa.

Jambo la pili ni kuzichanganya sifa za chini na nafasi. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, sifa ya jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni 1. Programu nyingine zina masharti makubwa zaidi. Sifa hiyo humruhusu kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, mwenye ushindani mkubwa hutangulia. Katika ofisi ya msikiti wetu tulimpokea binti mwenye daraja la kwanza aliyeomba udaktari peke yake katika vyuo vitatu, akakosa vyote. Hakuna aliyemweleza kwamba uuguzi, ufamasia na sayansi za maabara zilikuwa wazi kwake katika awamu ileile.

Jambo la tatu ni kuthibitisha. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu, naye hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Anayechelewa huhatarisha nafasi yake, na pia humweka katika mashaka mwenziwe anayeisubiri. Nafasi ni amana.

Kisha kuna mkopo. Bodi ya Mikopo hudai vyeti vya kuzaliwa, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi, vilivyohakikiwa na RITA. Hayo yaanze mapema, si wiki ya mwisho. Kwa familia zilizosita kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ifahamike kwamba tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Kamati za misikiti zina la kufanya. Zitenge jioni moja kila wiki katika msimu wa maombi, ziwaite vijana wetu walioko vyuoni wawasomee wadogo zao mwongozo, na zichangie ada za maombi kwa wasiojiweza. Kwa upande wa vyuo, ombi letu ni kwamba kila programu itangaze nafasi zilizokuwepo, idadi ya walioomba na pointi za aliyeingia wa mwisho. Mzazi akiyaona hayo atajua kama mwanawe ameshindwa kwa haki, na mdogo wake atajua aombe wapi mwaka ujao.