Jeraha la Mguu Lisilouma Lisidharauliwe

Mtu mwenye afya akikanyaga msumari hushtuka, huinua mguu na kutazama. Aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi aweza kukanyaga msumari huohuo akaendelea na shughuli zake hadi jioni, asijue lolote mpaka aone damu ndani ya kiatu. Maumivu ni mlinzi wa mguu, na kisukari humwondoa mlinzi huyo kimyakimya.

Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu ifikayo miguuni. Hapo malengelenge ya kawaida yaliyosababishwa na buti la machimboni, au mkato mdogo uliopatikana kwenye jaruba la mpunga, huweza kugeuka kidonda kisichopona. Maambukizi yakifika kwenye mfupa, madaktari hulazimika wakati mwingine kukata kidole au mguu.

Kuzuia hali hiyo ndiyo kazi kubwa ya mtaalamu wa miguu na vifundo. Hugusa wayo kwa uzi mwembamba wa nailoni ili kupima hisia, hutafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, huondoa sugu, husafisha vidonda na hushauri viatu vinavyofaa. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na madaktari na wauguzi. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuwapa mafunzo ya utunzaji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari, ukiongozwa nchini na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam.

Kifundo nacho kina hatari yake. Mwenye kisukari akiona mguu au kifundo kimoja kimevimba na kina joto kuliko cha pili, hata kama hakiumi, asiukanyagie mguu huo bali awahi hospitali siku hiyohiyo. Huenda mifupa inavunjika ndani bila yeye kuhisi.

Wakazi wenye kisukari wanashauriwa kufanya yafuatayo:

- Kutazama miguu kila jioni, pamoja na wayo na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri asaidiwe na mwanafamilia.
- Kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na kutotembea peku hata ndani ya nyumba.
- Kupima joto la maji kwa kiwiko, si kwa mguu, na kutoota moto kwa miguu.
- Kutokata sugu kwa wembe wala kupaka kidonda dawa zisizoelekezwa na mtoa huduma.

Aidha, kila anayehudhuria kliniki ya kisukari avue viatu mbele ya mtoa huduma, hata kama hakuombwa. Uchunguzi wa miguu huchukua dakika chache tu, ilhali mguu ukishakatwa haurudi.