Goma na Swali la Mwenyeji

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, imelala mpakani kabisa. Ukivuka geti tu, uko Gisenyi nchini Rwanda. Watu wa Goma hujengea mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Nasimulia mji wa kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka.

Mkenya ana kitambulisho cha taifa. Mkongomani wa kawaida kwa miaka mingi ametegemea kadi ya kura: ndiyo anayoionyesha benki, na ndiyo anayomtolea askari akisimamishwa njiani. Kwa hiyo foleni ya kujiandikisha kupiga kura mwaka 2023 ilimvuta hata asiyejali nani atashinda, na humo humo ndimo watu walimokuwa wakiulizana nani Mkongomani wa kweli.

Anayetiliwa shaka zaidi ni msemaji wa Kinyarwanda, anayeitwa Mnyarwanda. Wanyarwanda wa Rutshuru, huko huko Kivu Kaskazini, walikuwapo kabla Wazungu hawajakubaliana kuhusu mpaka na Rwanda mwaka 1910. Wengi wa Masisi, wilaya nyingine ya Kivu Kaskazini, waliletwa na Wabelgiji kuanzia 1937 ili wafanye kazi mashambani. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliofika Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawanyang'anya, ikidai asili ya tangu 1885. Ya 2004 ikayatambua makabila yaliyokuwapo nchi ilipopata uhuru mwaka 1960. Mtu amekuwa raia, si raia, kisha raia tena, bila kuhama kijiji! Wamakonde wa Kwale nchini Kenya, waliotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wangemwelewa upesi.

Ukitaka kulizungumza hili na mwendesha moto, yaani pikipiki, au na msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, ukaanza na neno ubaguzi, atakujibu kwa M23 na shamba alilolikimbia. Ana hoja, na wahubiri wa amani wa kwenye semina za hotelini hukosea wanapoiita hasira yake ujinga. Mimi naona heri kuanza na ardhi. Mwaka 1973 Rais Mobutu aliwapokonya walowezi wa kigeni mashamba yao makubwa akawagawia vigogo wake, Wanyarwanda wakiwamo. Mkulima mdogo wa Masisi, awe Mhunde au Mhutu, akabaki kulima pembeni mwa ua wa ng'ombe wa tajiri. Muulize basi ranchi za Masisi ni za nani. Atakutajia majina, na hayatakuwa ya kabila moja.